Hofu ya Kusema Mbele ya Watu

Someni kwanza: Kutoka 4:10–16, 1 Samweli 17:38–40, Nehemia 8:1–8, Matendo 17:16–34.

Jambo hili latokea katika mitaa mingi. Mzee wa kanisa hutafuta mtu wa kusoma Somo la Pili Jumapili ijayo, na kila amwulizaye ana udhuru. Mmoja hana miwani, mwingine ana mafua, wa tatu atasafiri, ingawa Jumapili tunamwona kanisani. Mwisho husoma wale wale wawili. Hasara yake ni kubwa. Mjane aliyefarijiwa na Bwana, au kijana aliyeacha ulevi, ana ushuhuda ambao hata Kasisi hawezi kuutoa badala yake. Akinyamaza, yuko aliyeuhitaji ambaye anarudi nyumbani bila kuusikia.

1. Hofu si dhambi. Musa alimwambia Mungu kwamba yeye si msemaji na ulimi wake ni mzito. Mungu hakumbadilishia ulimi siku ile. Alimwahidi kuwa pamoja na kinywa chake, tena akampa Haruni ndugu yake amsaidie. Hata Mtume Paulo awakumbusha Wakorintho kwamba alikuwa kwao katika hofu na kutetemeka. Basi moyo ukienda mbio na magoti yakilegea, tusidhani kwamba hatukuitwa.

2. Tuwatazame wasikilizaji. Hofu huzidi tunapojiuliza, "Wataniona mtu wa namna gani?" Hupungua tunapojiuliza, "Hawa wanahitaji nini?" Paulo alipokuwa Athene aliuzunguka mji kwanza, akaona madhabahu ya Mungu asiyejulikana. Aliposimama Areopago alianzia hapo hapo, kwa jambo walilolijua, akataja na maneno ya washairi wao. Hata hivyo wengine walimdhihaki, wengine wakataka kumsikia tena, na wachache wakaamini. Kama Paulo hakupokewa na wote, mbona sisi twataka kupendeza kila mtu?

3. Tuseme kwa sauti yetu wenyewe. Daudi alivikwa mavazi ya vita ya Sauli, akashindwa kwenda nayo kwa kuwa hakuyazoea. Akayavua, akashika fimbo yake, mawe na kombeo. Anayeiga sauti na mikono ya mhubiri mashuhuri amevaa mavazi ya Sauli. Watu hutambua upesi neno litokalo moyoni, hata likisemwa kwa kigugumizi.

4. Tujitayarishe. Ezra alisimama juu ya mimbari ya mti, torati ikasomwa kwa sauti ya kusikika, maana ikaelezwa, na watu wakafahamu. Kufahamu kwao ndiko kulikokuwa shabaha. Nasi tufanye hivi:

(a) Tulisome somo nyumbani kwa sauti mara tatu, mbele ya mtu mmoja wa jamaa. Majina magumu kama Nebukadreza tuyazoee mapema.
(b) Tukifika mbele, tusimame imara, tuvute pumzi, tuwatazame walioketi nyuma kabisa, ndipo tuanze, polepole.
(c) Tusianze kwa kuomba radhi kwamba hatujui kusema. Wasikilizaji wataanza kuutafuta udhaifu wetu badala ya kulisikia Neno.
(d) Katika ushuhuda, tuseme jambo moja tulilotendewa, kisha tuketi.
(e) Tukikosea neno, tulirudie kwa utulivu na kuendelea.

Nao wanaosikiliza wana kazi yao. Kucheka anapojikwaa msomaji mpya ni kumfunga kinywa kwa miaka mingi. Tuwe Haruni kwake: tumsikilize kwa makini, na baada ya ibada tumshukuru.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi:
Ni nani katika mtaa wetu ambaye hatujapata kumsikia kamwe? Tumemzuia kwa njia gani? Nani atakuwa Haruni wake?

Tuombe: Ee Bwana, uliyekiumba kinywa cha mwanadamu, utuondolee hofu ya nyuso za watu, utupe upendo kwao, ili tuliyoyapokea kwako tuwape wenzetu, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.