Dondoo Muhimu: Swichi ya Joto la Injini katika Magari ya Zamani

Mara nyingi swichi ya joto hufungwa kwenye rejeta, na ndani yake mna kisahani cha metali mbili ambacho hujipinda maji yanapokaribia nyuzijoto 90 hadi 95, kikaunganisha umeme na kuwasha feni. Swichi ikifa, injini huchemka kwenye foleni ya magari ya Waiyaki Way, Nairobi.

1. Usiichanganye na sensa, ambayo hupeleka kipimo kwenye geji. Geji nzima haithibitishi kwamba feni itawaka.
2. Feni isipowaka injini inapochemka, chomoa soketi ya swichi ya nyaya mbili, washa umeme kwa ufunguo, kisha unganisha nyaya hizo kwa kipande cha waya, mikono ikiwa mbali na feni: ikizunguka, swichi ni mbovu, isipozunguka, kagua fyuzi, rilei na mota.
3. Usiiache feni imeunganishwa moja kwa moja, kosa lililozoeleka mno, kwani mota huchakaa upesi.
4. Badilisha kifuniko cha rejeta kilicholegea na kisichozuia shinikizo, kwa sababu Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari na maji yasiyo na shinikizo huchemka karibu nyuzi 94. Kamwe usikifungue injini ikiwa moto.
5. Ununuapo swichi Kirinyaga Road, linganisha nyuzijoto zilizochapwa kwenye ile ya zamani.