SOMO: MGENI MLANGONI

Tusome Mathayo 25:31-46.

Machi 1993 vita vilianza Ntoto, Walikale, vikafika Masisi. Waliokimbia, wengi walilala kwa jamaa na katika makanisa.

Julai 1994 wakimbizi wa Rwanda, karibu milioni moja, waliingia Goma kwa siku chache. Kipindupindu kikaua makumi ya maelfu. Ndipo Marekani, Ufaransa na wengine wakaleta maji na dawa kwa ndege. Tunashukuru, watu waliponywa. Lakini milango ya kwao waliwafungulia wachache sana. Wengine walibaki kwetu, juu ya mawe ya volkano, hata 1996.

Bwana anataja chakula na maji, anataja pia mgeni kuingizwa nyumbani. Na sisi je? Anayekimbia Masisi leo akibisha hodi, tunamwuliza kwanza kabila?