MIZANI YA BAHARI: NANI AMLA NANI?

Amma baad. Mwenyezi Mungu ametaja mizani katika Sura ya Ar-Rahman na akakataza kuipunja. Wengi wetu huikumbuka dukani tu. Leo tutaisoma katika miamba ya pwani yetu.

Kila kiumbe tumwulize maswali mawili: hula nini, na huliwa na nani? Kisha tuandike majina yao, na tuchore mshale utokao kwa aliwaye kwenda kwa amlaye, kwani huko ndiko riziki iendako.

Daraja ya kwanza ni mwani na nyasi za bahari, ambazo hujifanyia chakula kwa nuru ya jua. Wengine wote ni wageni wao. Ya pili ni wala mimea: tafi, pono, na yule mnyama wa miiba amchomaye mvuvi mguuni. Ya tatu ni wala nyama: kikande humvunja huyo wa miiba kwa meno, pweza hula kaa, chewa hula samaki. Ya nne ni wala mabaki: jongoo wa bahari humeza mchanga akapata chakula chake humo, na vijidudu visivyoonekana huozesha mizoga ikarudi kuwa mbolea ya mimea. Mishale ikitimia, hatuoni mnyororo bali wavu, kwani kaa mmoja hutafutwa na pweza, na samaki, na mwanadamu.

Sasa tukate uzi mmoja. Wataalamu wamelinganisha miamba yetu ivuliwayo na ile ihifadhiwayo, kama ya Malindi na Watamu tangu 1968. Wakaona kwamba kikande akivuliwa mno, wanyama wa miiba huzidi, wakala mwani wa tafi na pono, na wakaukwangua mwamba wenyewe hata ukamomonyoka. Basi amalizaye kikande leo hujipunguzia tafi wa kesho.

Wako wasemao: "Riziki ni ya Mungu, samaki hawaishi." Ni kweli riziki ni yake, lakini aliyeiumba ndiye aliyeiwekea sababu, na kuvunja sababu si kutawakali. Nyavu za matundu madogo, zizoazo hata vitoto vya samaki, ni kupunja mizani, na wanaopunjwa ni watoto wetu.

Maswali ya darasa:
1. Mwanadamu ana mishale mingapi katika wavu huu? Mchoreni.
2. Jongoo wa bahari wakiokotwa wote wakauzwa, kazi gani itakosa mwenyewe?