Makasi gani kwa sanduku la dawa la kooperative?

Ndugu wanamemba, panga ikikata mguu shambani, tunahitaji kompresi mbio, na makasi safi ya kuikatia. Makasi ya seramiki hayashiki kutu na makali yake yanadumu. Lakini yakianguka kwenye simenti yanaweza kuvunjika, na jiwe letu la kunolea haliyawezi. Kwa shamba, tunashauri ya chuma kisichoshika kutu, yenye ncha butu.

Mbele ya kulipa, mjaribu ncha kwenye kompresi: yakivuta nyuzi, muyaache.

Kila mara mkiisha kuyatumia, muyaoshe kwa sabuni, muyachemshe dakika 20, muyakaushe, muyafunge ndani ya kitambaa safi. Yasikate kamba wala mifuko ya mbegu.

Kidonda kikiingia ndani, mgonjwa aende kituo cha afya siku ileile: kuna hatari ya pepopunda.