Kwa Wanaojitolea Kutunza Wanyamapori Lilongwe: Ya Kufanya na ya Kutofanya

Vijana wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka mnaotaka kujitolea Lilongwe Wildlife Centre, kile kituo kilicho msituni katikati ya jiji, someni haya kabla ya kupanda minibasi.

Pata kibali. Tangu 2023 serikali ya Malawi iliporudisha wakimbizi kambini, kutoka bila karatasi ni kujitafutia matatizo. Kubaliana na kituo kabla ya safari.

Usimguse mnyama. Usimbebe mtoto wa tumbili hata akikunyooshea mikono. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, nami hili linaniuma. Wanyama wa pale wametoka mikononi mwa watu waliowafuga kinyume cha sheria, wengine wamenaswa na mitego ya waya, wengine mama zao wameuawa kwa ajili ya nyama. Kituo kinahangaika kuwarudisha porini. Tumbili aliyezoea watu akiachiliwa atawafuata hadi kijijini, ataingia shambani, atapigwa mawe afe. Kwa hiyo ukimkumbatia leo, umemfunga. Wapo ambao hawakuweza kurudi kabisa, kama Bella, simba jike mwenye jicho moja aliyeletwa kutoka bustani ya wanyama Romania. Yeye ilibidi aishi ndani ya uzio. Usiongeze wengine kama yeye.

Ukiwa na mafua au kikohozi, baki nyumbani. Nyani na tumbili huambukizwa magonjwa yetu, kifua kikuu kikiwemo.

Fanya kazi uliyopewa: kukata matunda, kufagia vizimba, kubeba maji.

Usijipige picha na mnyama ukaiweka WhatsApp. Atakayeiona atatamani wake wa kufuga, na muuzaji hakosekani.

Usitupe mabaki ya chakula msituni, wala usitembee peke yako kando ya mto Lingadzi. Kuna fisi, kuna mamba.

Kazi haiishii Lilongwe. Dzaleka ilifunguliwa 1994 kwa watu wapatao 10,000; sasa wamepita 50,000, na wote wanahitaji kuni au mkaa wa kupikia. Kwa hiyo panda mti, umwagilie hadi ukupite kimo. Kuupanda siku ya sherehe na kuusahau kiangazi si kujitolea.

Usinunue nyama ya porini, hata kama kwenu Kivu, Kongo, mliizoea.

Usimnunue kakakuona, hata kwa nia ya kumwokoa. Pesa yako itamtuma muuzaji akamtafute mwingine. Sheria ya wanyamapori ya Malawi iliyorekebishwa 2017 ina adhabu inayofikia kifungo cha miaka 30, na mkimbizi hasamehewi kwa kutoijua. Usibishane na muuzaji, usimtishe. Ondoka, kumbuka mahali, saa na namba ya gari kama lipo, kisha waarifu Idara ya Hifadhi za Taifa na Wanyamapori siku hiyohiyo, kabla mnyama hajahamishwa.