Dondoo muhimu: Klorini haipimwi kwa pua

Maabara za zahanati za pwani, Kimbiji ikiwamo, hutegemea klorini, dawa ambayo joto na jua huivunja ingali chupani. Harufu hubaki hata nguvu ikipungua. Changanya mpya kila asubuhi, andika tarehe na saa, weka kabatini. Ile ya asilimia 3.5, kipimo kimoja kwa maji vipimo sita, hutoa asilimia 0.5 inayofaa kwa damu iliyomwagika. Soma kibandiko kwanza, maana chupa hazilingani. Damu ikimwagika, vaa glavu, tandaza karatasi ya kufyonza, mimina klorini kutoka pembeni kuelekea katikati, usubiri angalau dakika 10 ndipo ufute. Makohozi yanayoshukiwa kuwa na kifua kikuu ni habari nyingine: toka chumbani kwanza, hewa itulie, kisha uipe dawa nusu saa au zaidi.

Kuna watakaosema foleni ni ndefu, na spiriti hukauka upesi. Kukauka upesi ndiko kasoro yake: juu ya damu hupotea kabla ya kufanya kazi, ingawa kwenye meza safi inafaa. Wengine huongeza ukali wa klorini. Hilo hula chuma na kuchoma mapafu, na ikikutana na asidi hutoa gesi ya sumu. Gharama ya kusubiri ni ndogo kuliko ya kuambukizwa. Homa ya Marburg ilipozuka Kagera mwaka 2023, wahudumu wa afya walikuwa miongoni mwa walioambukizwa.