FIDLA NA MWILI WA MPIGAJI
Mashauri kwa wanafunzi na kwa wale wanaopata riziki kwa kazi hiyo

Fidla ni chombo kidogo cha mbao chenye nyuzi 4. Watu wa pwani wameizoea katika taarabu, na watu wa Ulaya katika okestra zao. Kiwiliwili chake kina urefu wa sentimita 36 hivi, na upinde wake una uzito wa gramu 60 hivi. Kwa sababu ya wepesi huo wengi hudhani ya kuwa kuipiga hakumchoshi mtu. Sivyo hata kidogo. Mpigaji huinua mikono yote miwili kwa muda mrefu, huusokota mkono wa kushoto ili vidole vizifikie nyuzi, na hurudia mwendo ule ule maelfu ya mara. Asiyejifunza kuutumia mwili wake vizuri aweza kupoteza ufundi wake, na pamoja nao chakula cha nyumba yake.

Mfano wa bingwa mmoja

Yehudi Menuhin alizaliwa New York mwaka 1916. Mwaka 1927, akiwa mtoto wa miaka 11, alipiga konseto ya Beethoven katika ukumbi wa Carnegie Hall, na wasikilizaji wakastaajabu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alipiga mbele ya askari na majeruhi mara nyingi mno, wala hakupata nafasi ya kutosha ya kupumzika na kufanya mazoezi. Vita vilipokwisha aliona ya kuwa mikono yake haimtii kama zamani. Alipotafuta sababu alitambua ya kuwa tangu utotoni alikuwa amepiga kwa kipaji tu, bila kufahamu kwa akili jinsi mikono yake ifanyavyo kazi. Basi kipaji kilipotikisika, hakuwa na elimu ya kukitengeneza.

Menuhin hakuona haya kuanza upya. Mwaka 1952 alikutana huko Bombay na B. K. S. Iyengar, mwalimu wa yoga, akajifunza kwake kunyosha viungo, kupumua na kulegeza misuli. Baadaye, mwaka 1963, alianzisha shule ya muziki Uingereza, na mwaka 1971 akatoa kitabu cha masomo 6 ya fidla. Masomo hayo huanza na mazoezi ya mwili kabla ya chombo kushikwa. Ikiwa bingwa wa namna hiyo alihitaji kurudi mwanzo, mwanafunzi hana sababu ya kudharau misingi.

Jinsi ya kufanya mazoezi

Kwanza, yampasa mwanafunzi kusimama wima, mabega yake yakiwa yamelegea. Fidla iwekwe juu ya mtulinga, na kidevu kiishike kwa uzito wa kichwa tu, si kwa kubana. Kidole gumba cha kushoto kisiikabe shingo ya fidla kana kwamba itatoroka. Mtoto apewe fidla ya kimo chake, kwa maana zipo za robo, za nusu na za robo tatu. Akipewa kubwa ili "aikulie", atajifunza kujikunja, na kuacha mazoea hayo ni kazi ngumu kuliko kuyapata.

Pili, upinde ndio pumzi ya fidla. Sauti hutegemea mambo matatu: uzito wa mkono, mbio za upinde, na mahali nywele zinapougusa uzi. Upinde ukikaribia daraja, uende polepole na kwa uzito zaidi. Ukikaribia ubao wa vidole, uende upesi na kwa wepesi. Kila siku kazi ianze kwa sauti ndefu, upinde ukivutwa taratibu toka mwanzo hata mwisho, na sikio likisikiliza kama sauti imetetemeka.

Tatu, mahali pagumu pasikimbiwe, wala pasipitwe kwa haraka. Wanafunzi wengi huanza wimbo juu, wakafika penye shida, wakakosea, kisha wakarudi juu tena. Hivyo hujizoeza kukosea. Afadhali kuichukua ile sehemu ndogo peke yake, kuipiga polepole mpaka vidole visikose, ndipo kuongeza mwendo kidogo kidogo. Haraka haraka haina baraka, na katika fidla methali hiyo huonekana mara moja. Dakika 20 za kusikiliza kwa makini, kisha kupumzika kidogo na kuanza tena, zina faida kuliko saa 2 ambazo mikono inafanya kazi na akili imekwenda sokoni.

Nne, maumivu si alama ya ushujaa. Uchovu wa misuli ni jambo la kawaida, lakini uchungu mkali, ganzi ya vidole, au mkono unaokosa nguvu ni onyo. Mpigaji akipatwa na mambo hayo aache, apumzike, na yasipokwisha aende kwa daktari. Wengi wamelificha jambo hilo kwa kuogopa kunyimwa kazi, na kwa kulificha wakaikosa kazi kabisa. Sikio nalo lina haki yake. Sikio la kushoto hukaa karibu mno na nyuzi, na katika okestra tarumbeta huweza kuwa nyuma ya kichwa. Vizibo vya masikio vya wanamuziki hupunguza kelele bila kuua sauti.

Kukitunza chombo

Mbao za fidla hushikana kwa gundi ya ngozi ya wanyama, ambayo hulegea kwa joto na unyevu. Kwa hiyo fidla isiachwe ndani ya gari juani, wala karibu na jiko. Mtu akitoka bara penye ukavu kwenda Mombasa au Unguja, vigingi vya nyuzi hufura na kukaza. Akirudi bara hupunguka na kuteleza. Hilo si uchawi, ni maji ya hewani yanayoingia na kutoka katika mbao.

Baada ya kupiga, unga wa ulimbo upanguswe kwa kitambaa kikavu, na upinde ulegezwe ili mti wake usipoteze umbo. Nyuzi zikibadilishwa, zibadilishwe mmoja mmoja. Ndani ya fidla kimesimama kijiti kisichotiwa gundi, ambacho Wafaransa hukiita roho. Nyuzi zote zikilegezwa pamoja, kijiti hicho chaweza kuanguka na daraja likalala.

Kwa wale wanaoajiriwa

Mwanamuziki wa kazi hupimwa kwa ufundi wake na pia kwa uaminifu wake. Wakati uliotajwa ni wakati wa sauti ya kwanza, si wakati wa kufungua sanduku. Aliyefika mapema hupata nafasi ya kulinganisha nyuzi zake, yaani Sol, Re, La na Mi, ile La ikiwa na mitetemo 440 kwa sekunde, au kama okestra yenyewe ilivyopatana.

Awe na penseli siku zote, ili aandike amri za kiongozi, upinde wa kushuka na wa kupanda; maana fidla 10 zenye pinde zinazopingana huonekana kama jeshi lisilo na amiri. Awe pia na nyuzi za akiba, hasa ule mwembamba wa Mi, ambao hukatika upesi. Mapatano ya ujira, ya saa za kazi na ya nauli yaandikwe kabla ya siku ya tamasha. Kuandika si kumtilia mwenzio shaka. Ni kulinda urafiki usije ukavunjwa na fedha.

Fidla iliyotunzwa vema huweza kupigwa kwa zaidi ya miaka 200, ikapita mikononi mwa watu wengi. Lakini mikono hiyo haina akiba dukani. Yafaa kila mpigaji aitunze kwanza.